Faili Isiyokuwa na Jumapili

Monari alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kupenda kuwa sahihi. Pale Migori mjini, kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, ukimletea mashine iliyokufa ataifufua, halafu atakuweka nusu saa nzima akikueleza jinsi mafundi wengine watatu walivyoshindwa. Wateja walimvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa safi. Mke wake alimvumilia kwa sababu walikuwa wamezoeana. Yeye mwenyewe, hadi mwezi wa nne mwaka huu, hakujua kwamba kuna kitu cha kuvumiliwa.

Jirani yake wa biashara alikuwa Risper, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyeuza vitambaa vya pazia mlango wa pili. Asubuhi moja ya Januari Risper aliingia na kopo la maziwa ya unga, akalifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na disketi sita, zile nyeusi za plastiki ambazo watoto wa siku hizi wakiziona huuliza zinaliwa au zinachezewa.

"Fundi, hizi unaweza kuzifungua?"

"Unaniuliza mimi?" Monari akacheka. "Sema zimetoka wapi."

Zilitoka katika zahanati moja ya kanisa huko Ndhiwa, upande wa Homa Bay, iliyofungwa miaka mingi iliyopita. Daktari mzungu aliyeianzisha alikuja na kompyuta yake kutoka ng'ambo, na karani aliingiza humo jina la kila mama aliyeleta mtoto, kijiji chake, na siku aliyofika. Kompyuta iliharibika ikatupwa, kadi za wagonjwa zikaliwa na mchwa. Disketi ndizo zilizosalia, kwa binti wa yule karani, ambaye naye hakujua za nini ila alishindwa kuzitupa.

Kisha Risper akavuta kiti, akaeleza kilichomtuma.

Mama yake, Teresa, alikuwa ameolewa huko Ndhiwa na Mzee Odoyo. Walijaliwa watoto wawili, Risper na mdogo wake Ken. Mwezi wa nne mwaka 1993, Ken akiwa na mwaka mmoja na nusu, surua ilimshika. Baba alikuwa Awendo, akiendesha trekta la miwa, na aliporudi alikuta kaburi. Mama mzazi wa Odoyo akamwambia mwanawe kwamba Teresa alikaa na mtoto ndani mpaka akamfia mikononi, wala hakumpeleka kwa daktari. Teresa akaapa kwamba alimpeleka. Akaambiwa aonyeshe kadi ya zahanati, basi. Kadi ilikuwa imezikwa pamoja na nguo za mtoto. Odoyo akaamini maneno ya mama yake, akamfukuza mke, na Teresa akaja Migori akiwa amemshika Risper mkono. Ng'ombe wa mahari hawakurudishwa, Teresa hakuolewa tena, na kwa miaka thelathini na miwili hakukanyaga Ndhiwa.

"Sasa figo zimekataa," Risper alisema. "Daktari ameniambia nijipange. Na mama anataka kitu kimoja tu, mzee aje amchukue, arudi kwake akitembea. Nilienda kwa baba mwezi jana nikampigia magoti. Akaniambia, nionyeshe siku aliyompeleka, nami nitakuja mwenyewe kumchukua. Amesema hivyo mbele ya ndugu zake."

Monari alimfahamu Teresa. Alikuwa akipita kibandani kabla hajazidiwa, anamwita "baba", anauliza hali ya watoto wote mmoja mmoja. Alilivuta kopo upande wake wa meza.

"Niachie," akasema. "Kama jina lake limo, nitalitoa."

Siku nne za kwanza disketi zilimgomea. Mashine zake hazikuzitambua hata kidogo, na ilimbidi atafute programu ya kuzisoma kwa nguvu, maana zilikuwa zimeandikwa na Macintosh ya zamani, kompyuta ambayo Monari alikuwa ameiona zaidi kwenye picha kuliko mezani. Mbili zilikuwa zimeoza. Nne zilizobaki zilimpa faili moja ndefu, na alipoifungua akaona utitiri wa alama, viboksi na vistari, kama kuku waliotembea juu ya unga.

Hapo ndipo Monari aliponogewa. Alisahau chakula, akasahau wateja, akaanza kuhesabu. Aligundua kwamba alama zilijirudia kila baada ya nafasi sitini na nne, akaikata faili vipande vya sitini na nne, akavipanga kimoja chini ya kingine. Majina yakajitokeza yenyewe. Mama fulani, kijiji fulani, mama fulani, kijiji fulani, zaidi ya elfu nne. Alimpigia Risper kelele kupitia ukuta wa mabati, naye akaja mbio akasimama nyuma yake, mkono mdomoni.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijafunguka. Mahali ambapo tarehe ingekaa palikuwa na namba ya tarakimu tano. 32611. 32612. 32615.

Monari alijua ni nini, na alimweleza Risper kwa raha zote. Kompyuta za zamani hazikuandika tarehe kama sisi. Zilichagua siku moja ya kuanzia, zikahesabu siku zote zilizopita tangu hapo. Ukijua ilianzia wapi, umejua tarehe zote. Mashine zote alizowahi kutengeneza zilianzia mwaka 1900, kwa hiyo akaanzia hapo. Tarehe zikatoka, kuanzia 1986 hadi 1994, nzuri, zimenyooka.

Lakini hakuwa mtu wa kubahatisha, na hilo ndilo linalouma zaidi. Alitafuta uthibitisho. Alizipanga tarehe zote kwa siku za wiki. Jumatatu akakuta watu mia sita na zaidi. Jumanne hivyo hivyo, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili hakukuta mtu hata mmoja, kwa miaka minane. Monari alikuwa Mkatoliki, aliyekulia jirani na misheni ambako Jumapili hata posho mill ya kusagia unga ilinyamaza. Zahanati ya kanisa, imefungwa siku ya ibada! Akapiga meza kwa kiganja hadi kipanya cha kompyuta kikaruka. Angetaka uthibitisho gani tena? Hakuona haja ya kumuuliza mtu yeyote neno lolote.

Jina la Teresa lilikuwemo, mara moja tu, na kijiji chake ndicho. Namba 32615. Jumatatu, tarehe 17 Aprili 1989.

Alirudia mara tatu. Kisha akashuka chini hadi Aprili 1993, akapitia mwezi wote, mstari kwa mstari. Teresa hakuwemo. Mwaka 1989 Ken hakuwa amezaliwa.

 Risper alitoa simu, akampigia mama yake, akaiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Mama," Monari akaanza, kwa upole, "jina lako nimelipata. Ni mwaka wa themanini na tisa. Hapo ulimpeleka Risper, alikuwa mchanga."

"Risper?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini haikutetereka. "Hapana, baba. Risper akiwa mchanga tulikaa Awendo. Pale nilienda mara moja, na Ken. Ilikuwa Jumapili. Mvua ilitupiga njia nzima."

"Jumapili hawakuwa wanafungua, mama."

"Walifungua. Niliwakuta."

"Nimepitia faili yote. Watu zaidi ya elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyeenda Jumapili." Aliongea polepole, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa. "Ni miaka mingi, mama. Mtu husahau. Kompyuta haisahau."

 Upande wa pili walisikia kikohozi, na mtu akisogeza kikombe.

"Haya, baba," Teresa alisema mwishowe. "Kama imesema hivyo."

Risper alikuwa ameahidi kumpelekea baba yake jibu lolote litakalotoka, zuri au baya, naye si mtu wa kugeuza ahadi. Alimpigia Mzee Odoyo jioni hiyo, akamsomea ile tarehe ya 1989, akamwambia mwaka wa 1993 hakuna kitu.  Mzee akasema sawa, akakata.

Teresa alifariki wiki ya kwanza ya Aprili, katika chumba chake cha kupanga. Na kwa kuwa mahari yake haikurudishwa, kwa desturi ya Waluo alikuwa bado mke wa Odoyo, na mke huzikwa kwa mumewe hata kama hawakusalimiana nusu ya maisha yao. Wazee wa ukoo hawakubishana. Gari lilikuja kumchukua. Lango lililofungwa kwake akiwa na miguu miwili lilifunguliwa wazi akiwa ndani ya sanduku.

Monari alifunga kibanda siku hiyo, akaenda kuzika. Alimpenda yule mama, na dhamiri yake ilikuwa nyeupe kabisa. Baada ya ibada aliketi chini ya turubai na sahani ya wali, karibu na mwanamke mmoja mzee aliyejitambulisha kuwa Joyline, muuguzi mstaafu wa hapo kijijini. Ili tu mazungumzo yaende, Monari akamuuliza kwa nini mazishi yamewekwa Ijumaa, wakati kila mahali siku hizi watu huzika Jumamosi.

"Jumamosi nani angekuja?" Joyline akacheka. "Hapa kijiji kizima ni Wasabato. Jumamosi hata moto hatuwashi."

"Kumbe."

"Ndiyo. Hata zahanati yetu ilikuwa hivyo. Nimefanya kazi pale tangu ifunguliwe mwaka wa tisini. Jumamosi tuko kanisani, na Jumapili alfajiri tunafungua, tunakuta foleni imefika barabarani. Hakuna siku tuliyochoka kama Jumapili."

Monari alikuwa na wali mdomoni. Aliutafuna kwa muda mrefu. Chini ya sahani vidole vyake vilikuwa vimeanza kuhesabu vyenyewe. Ikiwa siku iliyofungwa ilikuwa Jumamosi, basi Jumapili zake zote tupu zilikuwa Jumamosi. Ijumaa ndiyo aliyoisoma kuwa Jumamosi. Kila siku ilikuwa imesukumwa mbele kwa siku moja. Na ile Jumatatu ya Teresa.

Aliinama, akaiweka sahani chini kwenye nyasi. Joyline alimuuliza kama nyama imemkwama.

Kesho yake asubuhi alifungua kibanda mapema, na jambo alilokuwa hajalifanya miezi mitatu iliyopita lilimchukua dakika kumi. Alisoma. Kompyuta za Macintosh za wakati ule hazikuanza kuhesabu mwaka 1900. Zilianza mwaka 1904. Tofauti yake ni miaka minne na siku moja. Alibadilisha mwanzo wa hesabu, faili nzima ikasogea, ikaanza 1990 ikaishia 1998, na Jumamosi zote zikabaki tupu. Namba 32615 ikageuka mbele ya macho yake. Jumapili, tarehe 18 Aprili 1993.

Aliwahi kupoteza pesa, aliwahi kumzika baba yake, lakini hakuwahi kubeba kitu kizito kama kile. Kila alichomwambia yule mama kilikuwa uongo, na kila alichojibiwa kilikuwa kweli. Mama alimwambia walikaa Awendo, yeye hakumsikia. Mama alimwambia Jumapili, yeye akambishia kwa hesabu. Teresa alikuwa na jibu la swali kinywani mwake mwenyewe, bure, na Monari akachagua kusikiliza disketi.

Kwa siku tatu hakumwambia mtu. Tuseme ukweli, alifikiri kulificha. Nani angejua? Faili ilikuwa kwake peke yake, wafu hawaulizi, na Risper alikuwa ameanza kulala usingizi. Lakini kila Risper alipopita mlangoni akisema "Habari, fundi," Monari aliinamisha kichwa ndani ya mashine isiyo na ugonjwa. Siku ya nne alichapisha ukurasa, akaenda mlango wa pili, akamwekea juu ya mafungu ya vitambaa.

"Nilikosea," akasema. "Alimpeleka. Jumapili, kama alivyosema."

Alimweleza yote, na safari hii alieleza kwa ufupi. Risper alisoma ule mstari mmoja, akauweka, akauchukua tena. Hakulia, hakumtukana. Monari angelipa mtu amtukane.

"Twende umwambie baba," Risper alisema. "Mimi sitaweza kueleza hiyo ya siku na miaka."

Walimkuta Mzee Odoyo ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akipukuchua mahindi ndani ya karai. Kaburi la Teresa lilikuwa hatua chache kutoka hapo, udongo wake bado mwekundu. Monari alieleza akiwa amesimama, ingawa alipewa kiti. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alimwomba Risper amsomee karatasi, maana miwani ilikuwa ndani. Risper akasoma.

"Rudia."

Akarudia.

"Nyar Karungu," mzee akasema taratibu, binti wa Karungu, jina alilomwitia mkewe tangu alipomwoa. "Aliniambia hivyo hivyo. Jumapili, mvua. Alisimama pale, karibu na ghala, akaniambia." Alinyoosha mkono, si kwenye ghala wala kaburi, ila kwenye nyumba ndogo iliyokuwa pembeni, kuta zake laini, zimekandikwa upya, mlango una rangi ya bluu. "Ile unaiona, fundi? Ni yake. Mwezi wa kwanza niliita wanawake wakaikandika. Nikanunua godoro. Nilikuwa nasubiri karatasi tu."

"Baba," Risper akasema, "si ungekuja tu, hata bila karatasi?"

Mzee alitazama mahindi yaliyo mikononi mwake.

"Nilikuwa nimeshasema," akajibu.

Monari alisema kosa ni lake. Mzee alisema anajua. Hakumfukuza, hakumpa mkono, akaendelea kupukuchua, punje moja moja, kama mtu aliyepoteza haraka yote duniani. Walikaa kidogo, wakaaga.

Njiani kuelekea barabarani Risper alitangulia, Monari akamfuata nyuma. Alikuwa akitafuta maneno ya kuomba radhi. Alikuwa ameyatafuta tangu Migori, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Mwishowe akasema kwamba angalau mama alijua ukweli wake. Watu wote walimkana, lakini mwenyewe alijua alikwenda, na hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Risper akasimama. 

"Siku ile tulipokata simu," akasema, "nilirudi kwa mama jioni. Halafu akaanza kuniuliza. Risper, unakumbuka tukienda? Nilikuwa na miaka minne, Monari, nikumbuke nini? Akawa ananiuliza kila siku. Ilikuwa Jumapili kweli? Mvua ilikuwepo? Mwisho akasema labda mama mkwe alisema kweli. Labda alikaa tu nyumbani na mtoto, halafu hiyo safari akaiota." Alijifuta uso kwa leso ya kichwani. "Wiki yote ya mwisho alikuwa anamwomba Ken msamaha kwamba hakumpeleka. Nami nilikuwa nimekaa pale, nimemshika mkono, namwambia nyamaza mama, amekusamehe. Sikumwambia kwamba alimpeleka. Hata mimi nilikuwa nimeamini faili yako."